Mtani Aliyenyimwa Kobe

Kalovola alikuwa mtu wa kuku. Wengine pale kijijini walijulikana kwa ng'ombe, wengine kwa nyavu zao za ghubani, yeye kwa kuku, na kuku wake, hata wasiompenda walikiri, hawakuwahi kupukutika. Kila mwaka pepo za kiangazi zikianza mdondo ulipita, ukafagia banda hili na lile, ukaacha manyoya yakipeperuka, lakini uani kwa Kalovola jogoo aliwika kama kawaida. Sababu kila mtu aliijua. Sababu ilikuwa Dadilahi.

Dadilahi, yaani Babu, alikuwa kobe dume mwenye ukubwa wa beseni la kufulia. Gamba lake lilikuwa la rangi ya asali, na chini ya shingo ilichomoza pembe moja iliyokwenda mbele kisha ikapinda juu, kama ulimi wa plau. Kalovola alimrithi kwa mama yake, naye mama kwa mama yake. Dadilahi alilala bandani na kuku, alikula nao maganda ya mihogo, na ugonjwa ulipokuja, watu husema, ulimkuta mlangoni ukaona haya kumruka. Kweli au si kweli, mimi sitaki kubishana na mtu. Wazee wetu wamefuga kobe pamoja na kuku tangu zamani. Bwana mifugo akija kucheka na acheke, akishaondoka kuku wa Kalovola bado wapo.

Kumla ni mwiko. Kumuuza ni mwiko. Kumkwaruza mgongo ndio mwiko unaopita yote, kwa maana gamba lile ni paa la wazee, na nani mwenye akili timamu atapanda kukwaruza paa la wazee wake? Mama alimwachia Kalovola maneno hayo kabla ya kufa, pamoja na kobe, masufuria, na ulimi mkali.

Ulimi ule haukukosa wa kumtafuna. Alikuwapo Manambelo. Ukoo wake na ukoo wa Kalovola ni watani tangu enzi za wafalme, na watani wa kwetu hawana adabu wala hawaruhusiwi kuwa nayo. Mtani atakutukana mbele ya wakwe zako, nawe ucheke. Ukifa atakuja kukuzika, na kaburini atakusema vibaya mpaka wafiwa wacheke huku wanalia. Na mtani akiomba kitu chako, humnyimi. Waweza kumzungusha, kumpiga chenga, kumchelewesha mpaka achoke mwenyewe, na ukifaulu kijiji kizima kitakusifu. Lakini neno "hapana" halitamkwi.

Huyu Manambelo alifanya kazi kwenye kituo cha kuzalisha kobe huko msituni, siku nzima ya barabara mbovu kutoka kwetu. Aliingia kazi hiyo ndevu zikiwa nyeusi, sasa zilikuwa kama majivu. Kobe wa namna ya Dadilahi hawapo popote duniani isipokuwa kwenye vichaka vya mianzi vya ghuba yetu, na vichakani wamekwisha. Wengine waliungua kwa moto wa wachungaji, wengine walibebwa na watu wa mjini wanaowauza ng'ambo kwa matajiri wapenda mapambo. Kituoni walibaki majike kadhaa na madume mawili. Kisha dume mmoja akafa, na tangu siku hiyo mayai yote yaliyotagwa yakawa matupu.

Basi kiangazi kilipoanza Manambelo akaja kijijini. Alimkuta Kalovola uani, liwa usoni, anawamwagia kuku pumba.

"Mchawi wa kuku hajambo?"

"Hajambo, mtumwa wangu. Umekuja kuiba au kuomba?"

"Kuiba. Kuomba ni kwa watu wenye haya."

"Basi iba upesi uondoke, unawatisha kuku kwa sura hiyo."

Manambelo alijivutia kigoda bila kukaribishwa, akaketi, akanyoosha miguu. "Namtaka Babu," akasema.

"Babu yako yuko makaburini. Chukua jembe ukamfukue."

"Namtaka huyu." Akamwonyesha Dadilahi kwa kidevu. Kobe alikuwa anasukuma bakuli la maji kwa pembe yake, na kifaranga kimesimama juu ya mgongo kinajikuna. "Sikia, kibibi. Dume letu, Kapiteni, amekaa tu. Majike wanampita puani hata shingo hageuzi. Anakula, analala, kama mkwe aliyekuja kutembea akasahau kurudi kwao. Tangu mwenzake afe hana wa kushindana naye, na dume wa hawa asipopata mpinzani hapandi. Ndivyo walivyoumbwa. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Nipe Babu aje amchokoze, damu imchemke."

"Huyu? Huyu vifaranga wanamnyea kichwani!"

"Wanamnyea kwa sababu umemlea na wanawake watupu. Ngoja aone mwanamume mwenzake."

Kalovola alicheka mpaka pumba zikamwagika. Manambelo naye alicheka, kisha akaacha. "Kapiteni si kijana," akasema kwa sauti ya chini. "Na majike si wasichana. Wakifa hivi hivi, hakuna pa kwenda kuokota wengine. Tumetembea vichaka vyote vya ghuba, tumeokota magamba."

Kalovola aliyasikia maneno hayo vizuri sana. Hakuna aliyeweza kusema baadaye kwamba hakuyasikia. Lakini alitazama kuku wake, akatazama anga lililokauka, akajibu kama mtani anavyojibu.

"Mdondo upite kwanza. Mvua ya kwanza ikidondoka, njoo na kreti lako."

"Mvua ya kwanza ndiyo wakati wenyewe wa kupandana kwao. Nimekubali. Lakini utamlinda? Watu wanaiba kobe mchana kweupe siku hizi. Sisi kule tumewakwaruza wote namba kubwa mgongoni, mbaya kama upele, mnunuzi akiziona anatema mate. Wale wanataka kitu kisicho na ila. Nikukwaruzie na huyu?"

"Kakwaruze mgongo wa mama yako!"

Kwa watani hilo ni tusi dogo, lakini Kalovola alikuwa amesimama kati yake na kobe. Manambelo aliinua mikono juu, akamwambia haya, haya, mwanamke mkali kama pilipili ya mwaka jana, akaaga.

Mdondo ulikuwa nusu ya sababu tu. Nusu ya pili Kalovola hakumwambia mtu. Mumewe alikwisha kufa, watoto wako mjini Mahajanga, wanaleta salamu kuliko wanavyojileta wenyewe. Asubuhi, kabla hajapuliza moto, kitu kilichomjulia hali kilikuwa pembe ya Dadilahi ikigonga mlango wa jikoni, tok, tok, kutaka maganda. Mtu asiyeishi peke yake atasema hilo si kitu.

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Kiangazi kilipokuwa kikali, jirani yake Tsaravavy alikwenda mtoni kufua, akarudi akakuta kobe wake jike hayupo, kamba imekatwa, na kuku wanatazamana. Alipiga kelele kijiji kizima kikakusanyika. Wanaume walikwenda mpaka ufukweni, wakakuta alama ya mtumbwi mchangani na si kitu kingine. Kuanzia siku ile kobe aliyebaki kijijini alikuwa mmoja.

Kalovola akawa halali usiku, na mchana haendi popote. Angeweza kutuma neno msituni Manambelo aje upesi, na hilo ndilo jambo ambalo mtu yeyote angefanya. Alilifikiria, hakulifanya. Badala yake yalimjia yale maneno ya mtani: wale wanataka kitu kisicho na ila. Mgongo haukwaruzwi, mwiko. Lakini pembe? Alikumbuka kila alichoambiwa na mama yake tangu utotoni, akakigeuza huku na huku, na hakukuwa na mwiko wowote juu ya pembe.

Na pembe yenyewe, kwa macho ya mwanamke wa kuku, ilikuwa na kazi gani? Ilipindua bakuli la maji. Ilivunja mayai. Ilimgonga tetea atamiaye akatoka kiotani. Kalovola hakuwahi kumwona Dadilahi na kobe dume mwingine hata siku moja, wala mama yake hakumwona. Vita alivyovijua yeye ni vya majogoo, nao hupigana kwa kucha na mdomo. Akajiambia kwamba Manambelo akitaka kobe wa kumchokoza mwenzake, kichwa anacho, miguu anayo.

Akamwita Botovao, mtoto wa mdogo wake, fundi wa mitumbwi, aje na msumeno.

"Mama mkubwa, kitu hiki kina mwenyewe," Botovao alisema alipoambiwa kazi. Alikuwa amechutama mbele ya kobe, anajikuna shingo. "Sipendi."

"Umewahi kusikia mwiko wa pembe?"

"Sijasikia."

"Basi kata. Au unaogopa kobe, na mwili wote huo?"

Botovao hakuogopa kobe. Akakata. Mwanzoni ulitoka unga mweupe kama wa kucha, Kalovola akatua moyo. Kisha msumeno ukafika pasipokuwa kucha, na damu ikatoka. Dadilahi alitoa pumzi ndefu, akavuta kichwa ndani mpaka mwisho, na miguu yake ya mbele ikawa inakwaruza ardhi, taratibu, kama anayetaka kwenda mahali. Botovao aliinua msumeno. "Mama mkubwa?"

Angesema acha, ingebaki nusu, labda zaidi ya nusu. Kalovola alisema, "Malizia, usimwache na maumivu ya bure."

Walipaka jeraha manjano na majivu. Kipande cha pembe Botovao hakutaka kukishika, akakisukuma kwa mguu mpaka chini ya banda. Dadilahi hakula siku ile wala siku zilizofuata, na asubuhi mlango wa jikoni haukugongwa. Kalovola alimpelekea maganda mpaka mdomoni, akamwambia samahani, kwa sauti, mbele ya kuku.

Halafu wezi wakaja, na hapo ndipo Kalovola alipojiona mwerevu kuliko wafalme.

Walikuja mchana, vijana wawili wa mjini wenye miwani ya jua, eti wanatafuta kuku wa kununua. Macho yao hayakukaa kwenye kuku hata kidogo. Kobe alikuwa kivulini. Mmoja alichutama, akampapasa gamba kama mtu anayepapasa nguo dukani, akamwinua mbele kidogo, akaona kigutu chenye kovu jeusi.

"Ah! Huyu kibogoyo."

"Mwache. Nani atamtaka huyu?"

"Wanawake wa hapa washenzi kweli," akasema wa kwanza, akamshusha.

Kalovola alisikia kila neno, akatabasamu kwa meno yake yote. Aliwauzia jogoo mzee, mgumu kama kamba ya nanga, kwa bei ya fahali, nao wakanunua kwa aibu ya kuondoka mikono mitupu. Walipotoweka alimwita Tsaravavy, akamsimulia, akaigiza yule mwenye miwani alivyokunja uso. Walicheka mpaka Tsaravavy, aliyekuwa bado ana msiba wa kobe wake, akajifuta machozi. Jioni hadithi ilikuwa imezunguka vibanda vyote. Kalovola kawapiga wezi chenga! Akaanza hata kuitamani siku ya Manambelo kuja, amwonyeshe, amwambie, wewe na namba zako, tazama akili ya mwanamke.

Mvua ya kwanza ikadondoka. Manambelo akaja na kreti la mbao mabegani, ameloa, anaimba wimbo wa matusi juu ya wanawake wa ukoo wa Kalovola. Alianza kuuimba tangu kisimani ili watu wote wasikie.

"Wanawake wa kuku wanalala na kuku..."

"Njoo, mtumwa, njoo uone!" Kalovola alimvuta mkono. Alimsimulia wezi walivyokuja na walivyokwenda, huku anacheka, huku anamfungulia banda. "Wewe si ulisema wanataka kisicho na ila? Nimemtia ila! Na mgongo sijaugusa!"

Manambelo alipiga magoti matopeni. Alimtazama Dadilahi kwa muda, akapitisha kidole kwenye kigutu, kwenda na kurudi. Kalovola alingoja tusi. Alikuwa amelitengenezea jibu kabisa.

"Ulikata lini?" Manambelo akauliza.

"Kiangazi. Kwani vipi?"

"Hakuna." Akainuka, akafuta magoti. "Nisaidie kumwingiza."

"Manambelo. Kwani vipi?"

Ndipo akamwambia, bila utani, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Ile pembe ndiyo silaha. Dume humchomekea mwenzake pembe chini ya gamba, akamnyanyua, akampindua chali, na mwenzake naye vivyo hivyo, mpaka mmoja akubali. Ndiyo kazi yake, haina nyingine. Hata jike humsogeza kwa hiyo hiyo.

"Hukuniambia," Kalovola alisema.

"Nilidhani unajua. Umeishi naye maisha yako yote."

Hakulisema kwa ukali. Angelisema kwa ukali Kalovola angepata pa kushikia.

"Itaota tena?"

"Itaota. Kwa mwendo wake yeye. Mimi na wewe tutakuwa tumeshazikwa."

Kalovola alijifunga kanga ya pili, akamwachia Tsaravavy kuku, akapanda lori pamoja na kreti. Hakuna aliyemwita. Njia nzima alishika ubao mmoja wa kreti, lori liliporuka mashimo akasikia gamba linagonga, naye akawa anamwambia pole. Manambelo alikaa upande wa pili, anatazama mvua.

Mkuu wa kituo alikuwa mama mmoja kutoka nyanda za juu, Daktari Noromalala, mpole, mwenye viatu vya mpira. Aliangalia kigutu, akauma mdomo, akasema, "Tujaribu, Mama Kalovola. Huwezi kujua." Kalovola aliyashika maneno yale ya huwezi kujua kwa mikono miwili.

Asubuhi walimtoa Dadilahi kwenye kiwanja cha nyasi kilichozungushiwa mianzi. Nyuma ya uzio walikuwa majike, wazee, wametulia. Upande wa pili wakamfungulia Kapiteni, mweusi kidogo kuliko Dadilahi, mgongo una namba, na pembe yake imesimama.

Kalovola alidhani Dadilahi atavuta kichwa ndani. Ndivyo alivyomjua: mzee wa kuku, mvumilivu, asiyemfukuza hata mende. Lakini Dadilahi alimwona yule mwingine, akasimama juu kwa miguu yote, shingo ikanyooka kwa namna ambayo Kalovola hakuwahi kuiona, akaenda. Hakusita. Alikwenda moja kwa moja kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

"Angalia," Manambelo alinong'ona. "Angalia, anajua."

Walikutana katikati, magamba yakagongana kwa mlio wa magogo. Dadilahi aliinamisha kifua akachomeka chini ya mwenzake, akasukuma juu kwa kile ambacho hakikuwepo. Kigutu kiliteleza. Akarudi nyuma, akaja tena, akachomeka, kikateleza. Kapiteni aliinama mara moja tu, akamwinua, akampindua chali kama mkate.

Manambelo aliruka akamgeuza. Dadilahi, miguu ilipogusa ardhi tu, akaenda tena.

"Mwache apumzike!" Kalovola alisema. "Jamani, mwacheni!"

Hakupumzika. Alikwenda tena, na tena, na kila mara alichomeka mahali pale pale, kwa ufundi ule ule ambao hakuna aliyemfundisha, na kila mara kikateleza. Kovu likafunguka. Damu ikawa inaonekana kwenye gamba la Kapiteni, mstari mdogo. Mwishowe Kapiteni hata kumpindua aliacha. Alisimama akisukumwasukumwa, akageuza shingo, akaona nyasi mbichi, akaenda kula. Majike nyuma ya uzio hakuwatupia hata jicho. Dadilahi alibaki katikati ya kiwanja, kifua kinapanda na kushuka, akimngoja.

Walijaribu asubuhi zote za juma lile. Kalovola alilala kwa Manambelo, mkewe akampikia wali na samaki mkavu, na hakuna aliyetania mezani. Siku moja Kalovola mwenyewe alitoa shauri la kuchonga pembe ya mti. Daktari Noromalala alifikiri kidogo, akasema haya. Manambelo alichonga kutwa, mti mgumu, akaulainisha kwa kipande cha chupa, akaugandisha kwa gundi ya kuzibia matairi. Ilikuwa pembe nzuri. Ilibanduka kwenye msukumo wa kwanza, ikaanguka kwenye nyasi, na Dadilahi akaikanyaga akienda mbele.

Baada ya hapo Daktari Noromalala alimkalisha Kalovola barazani, akammiminia chai. Alimwambia wataandika kwa watu wa mbali, huenda mahali fulani yuko dume mmoja aliyenaswa mikononi mwa wezi uwanja wa ndege, huenda watapewa. Huenda. Kisha akatabasamu, na mtu yeyote angeona kwamba anataka kumpa mgeni wake jambo la kumfariji.

"Huyu hapa hatusaidii, Mama. Anajiumiza tu akimwona mwenzake. Mchukue urudi naye nyumbani. Atakaa na kuku wake. Na bila pembe hakuna mwizi atakayemtaka tena, kwa hiyo ni wako, hakuna wa kuja kumwomba."

Ni wako. Tangu kiangazi hiki ndicho kitu alichokuwa akikitaka, na sasa amepewa, na chai juu yake. Kalovola alishika kikombe mpaka chai ikapoa. Alijichukia kwa namna ambayo hakuijua kabla, hata mumewe alipokufa bila wao kupatana.

Asubuhi ya safari Manambelo alipakia kreti kwenye lori, akakaza kamba, akaijaribu kwa mkono.

"Nitukane," Kalovola alimwambia.

Manambelo akaendelea na fundo.

"Nitukane, Manambelo. Una haki. Niite mjinga, mchawi, niite mwuaji. Mtukane mama yangu. Nimekuharibia kazi ya maisha yako na wewe unanikazia kamba!"

Dereva alikuwa anawasha injini. Manambelo alimtazama, midomo ikacheza kidogo kana kwamba anatafuta, na Kalovola akaona kweli anatafuta, anapekua ghala lote la matusi ya ukoo wake tangu enzi za wafalme.

"Safiri salama, Mama," akasema.

Kalovola alilia mpaka lori likatoka msituni.

Kijijini walimwona tangu mbali. Tsaravavy ndiye aliyeliona kreti kwanza, akaona lina Dadilahi ndani, akatupa ungo akapiga vigelegele. "Karudi naye! Kamnyima mtani!" Wanawake walitoka jikoni na mikono yenye unga, wanaume wakaja wakicheka, mmoja na chupa ya pombe. Hapajatokea, tangu watu wakumbuke, mtani kupigwa chenga kubwa namna ile: kaja mwenyewe na kreti lake, kachukua, kabeba mpaka kwake, na mwenye mali kaenda kumtoa huko huko! Walimkalisha Kalovola kwenye kigoda, wakambandika ua la jirani nyweleni. Botovao alifungua kreti. Dadilahi alitoka, akasimama kidogo kwenye mwanga, akaenda bandani, na kuku wakampokea kwa fujo yao.

"Haya, tuambie," Tsaravavy alisema, ameshachuchumaa mbele yake, macho yanamng'aa. "Alisemaje? Manambelo yule, na mdomo ule! Alikutukana vipi ulipomchukua?"

Watu wote wakasogea kusikiliza.

"Kaniita Mama," Kalovola alijibu.

Wakacheka. Walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Mtu akasema tangu leo hilo ndilo litakuwa tusi kubwa kuliko yote, wakacheka upya, na chupa ikamfikia Kalovola, naye akainywa.